Ramani Tupu Shuleni

Hotuba kwa Machifu, Walimu na Wazazi



Tumeombwa tuseme habari ya mafundisho ya Jiografia katika madarasa ya chini, yaani jinsi ya kumfundisha mtoto mdogo mambo ya bara zima, naye pengine hajapata kuvuka mto wa kijijini kwao. Mambo ni mengi, lakini sisi tutashika moja tu, nalo ni ramani tupu. Ramani tupu ni ramani iliyochorwa ukingo wa nchi na pwani zake, bali ndani yake hamna jina hata moja. Mtoto ndiye ayatiaye majina.

Yamkini baadhi yenu mwajiuliza, ramani isiyo na kitu itamfundisha mtu nini? Sisi nasi tuliuliza vivyo hivyo. Tulipoanza kazi ya ualimu tulikuwa na ramani kubwa ya Afrika, nzuri, yenye rangi, imetundikwa ukutani. Kila asubuhi tulishika fimbo tukaonyesha, na watoto wakaitika kwa sauti moja: Nile, Kongo, Niger, Zambezi. Waliitika vizuri hata wapita njia wakasimama kusikiliza, nasi tukajiona walimu hodari. Siku moja akaja mkaguzi. Akaigeuza ile ramani ikaelekea ukutani, akachora ukingo wa Afrika ubaoni kwa chaki, akamwita mtoto wa kwanza katika darasa, akamwambia, “Nionyeshe Mto Nile.” Mtoto akautazama ubao, akatutazama sisi, akaanza kulia. Wa pili akauanzisha mto katika Bahari ya Hindi. Wa tatu akasema kwamba hawezi kuuona, kwa kuwa Nile ni pale penye doa la wino. Na kweli, ramani yetu ilikuwa na doa la wino karibu na Khartoum! Mwaka mzima yule mtoto alikuwa amejifunza doa.

Tangu siku ile hatukuitegemea tena fimbo. Jambo tulilolifahamu ni hili: mtoto asomaye jina lililokwisha kuandikwa hulitumia jicho lake tu, lakini mtoto atafutaye mahali pa kuliandika hana budi kulitafuta ndani ya kichwa chake mwenyewe. Akilipata, amelishika. Akikosa, mwalimu ameona penye upungufu, na hilo nalo ni faida, maana katika kuitikia kwa pamoja ujinga wa mmoja hufichwa na sauti za wengi.

Wala haya si mambo ya watoto peke yao. Mwaka 1749 Mfaransa mmoja mjuzi wa ramani, jina lake d'Anville, alichora ramani ya Afrika. Wachoraji waliomtangulia walikuwa wakijaza katikati ya bara milima na mito ya kusikia tu, ili pasionekane patupu. Yeye aliyafuta yale asiyokuwa na hakika nayo, akaacha weupe. Sisi twamsifu kwa weupe ule kuliko kwa wino wake. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1856, ilionyeshwa London ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokaa katika pwani yetu. Waliwauliza watu wa misafara, na kila mmoja aliwaambia kwamba mbele ya safari yake kuna maji makubwa. Basi wakayaunganisha maji yote yakawa bahari moja kubwa katikati ya bara. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji, kisha Speke akafika Nyanza, na ikaanza kujulikana kwamba maji yale si mamoja: kuna Tanganyika, kuna Nyanza, na kusini kuna Nyasa. Watu wazima wenye elimu walikosea hivyo. Tusimpige mtoto akikosea.

Sasa twaja kwenye kazi yenyewe. Twaanzia chini, uwanjani, kwa majivu. Kutoka ncha ya kaskazini ya Afrika, huko Tunisia, hadi ncha ya kusini ni kama kilomita 8,000. Basi twapima hatua nane ndefu, kila hatua ni kilomita elfu. Kwa upana, toka magharibi hadi mashariki, ni hatua saba na kitu. Watoto wakiisha kuchora pwani, twanyosha kamba ya Ikweta, nao huona kwamba yapita karibu na katikati ya bara: Gabon, Kongo zote mbili, Uganda, Kenya, Somalia. Kisha kila mtoto huambiwa asimame mahali fulani.

Palikuwa na kijana mmoja, mzaliwa wa kando ya Ziwa Victoria, ambaye kwanza alilichora ziwa lao likaimeza Kenya yote na nusu ya Uganda. Wenziwe walimcheka, tukawakataza. Kwa mtu asimamaye ufukweni asione ng'ambo, ziwa ndivyo lilivyo. Tulimpa kijiti cha kupimia. Kwa kipimo chetu ziwa lote, kaskazini hata kusini, halikuzidi sana futi moja. Akauweka mguu wake ndani, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na kijiji chetu ki wapi?” Tukamwokotea punje ya mchanga.

Baada ya uwanjani twaingia darasani. Mwalimu asiye na mashine ya kuchapa asivunjike moyo. Achukue karatasi ngumu yenye ramani, aitoboe vitundu kwa sindano kuufuata mstari wa pwani, aishikize ubaoni, aipigepige kwa kifuko cha kitambaa chenye vumbi la chaki. Akiiondoa, ataziona nukta ubaoni, aziunganishe. Kwa madaftari, akate umbo la Afrika katika boksi, na kila mtoto alizungushie penseli.

Ila tafadhali, walimu, msitie mambo yote siku moja! Afrika ina mataifa 54 yaliyo katika Umoja wa Mataifa, na mtoto akipewa yote kwa pamoja atatapika yote. Siku ya kwanza bahari na Ikweta. Siku nyingine mito na maziwa. Kisha milima na majangwa. Nchi zije mwisho, tena kwa ujirani. Tanzania yapakana na nchi nane kwa bara. Mtoto aziweke hizo nane kwanza, ndipo aende kwa majirani wa majirani. Akiisha kuandika, apewe ramani yenye majina ajisahihishe mwenyewe.

Na ramani hiyo yenye majina itazamwe umri wake. Katika makabati ya shule zimo bado zisizoijua Sudan Kusini, iliyozaliwa mwaka 2011, wala jina la Eswatini la mwaka 2018. Pwani haikubadilika, kwa hiyo ile tupu hudumu.

Tuna ombi moja kwenu, Machifu na wazee. Wako wazazi wanung'unikao kwamba watoto hawakuletwa shuleni kucheza majivu. Mmoja alimzuia binti yake nyumbani majuma mawili. Waiteni, waje uwanjani wenyewe, wamwulize mtoto wao maji ya mto wa kwao huishia bahari gani. Tena twaomba boma kuuzunguka uwanja ule, hata la miiba. Mwaka jana tulitandaza majani mabichi kuwa msitu wa Kongo, na mbuzi wakaingia usiku wakaula wote.