Sauti ya Kijana Nyuma ya Seng'enge

Somo: Mwanzo 21:14-19



Hapa Bulla Pesa nina jirani mzee, Mborana, Mwislamu mcha Mungu. Jioni moja tukinywa chai alinisimulia habari za Daaba, yaani wakati wa kuzuiliwa. Mwaka 1966, katika vita vya shifta, serikali iliwakusanya wafugaji wa Isiolo katika vijiji vya ulinzi: Garba Tulla, Merti, Modogashe. Vilizungushiwa seng'enge. Mifugo iliyokutwa nje ilipigwa risasi au ilitwaliwa. Iliyobaki karibu ilimaliza majani, ikafa. Yeye alikuwa na miaka tisa. Alihesabu ngamia wa baba yake wakianguka, mpaka hapakuwa na wa kuhesabu. Baadaye wakaja mjini, maskini.

Nami nikajibu nini? "Lakini shifta nao walimwua Mkuu wa Wilaya, Daudi Dabasso Wabera, mwaka 1963."

Ni kweli, aliuawa, pamoja na Chifu Haji Galma Dida. Lakini chifu huyo alikuwa Mborana. Msiba ule ulikuwa wa mzee huyu kabla haujawa hoja yangu. Na mtoto wa miaka tisa alimwua nani? Mzee akanyamaza, akamaliza chai, akaaga.

Habari za watoto wa Kiyahudi waliofungwa Auschwitz hunitoa machozi. Sisemi mambo haya ni sawa. Kule watu zaidi ya milioni moja waliuawa, wengi wao Wayahudi, ambao Wanazi walikusudia kuwafuta kabisa. Lakini ni rahisi kumlilia mtoto wa mbali, asiyetudai kitu.

Hajiri alipomwacha mwanawe chini ya kichaka jangwani, Mungu aliisikia sauti ya kijana pale pale alipokuwa. Ishmaeli alikuwa ametoka nyumba yenye ugomvi, nasi twajua. Malaika hakuanza na ugomvi ule. Alimwuliza mama kwanza ana nini.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika juu ya vijiji vile katika taarifa yake ya 2013. Kanisani kwetu, ambako wengi tulikuja kwa kazi ya serikali au biashara, sijasikia vikitajwa katika maombi. Wala mimi sikuvitaja.

Juma lililofuata nilimwendea mzee, nikamwomba radhi, nikamsihi aendelee pale nilipomkatiza. Akaanza na majina ya ngamia.