Mkono Unaotia Sahihi

Hotuba iliyotolewa na wakili mmoja mbele ya waumini na watetezi wa haki, katika semina ya siku moja kuhusu maadili ya kazi



Nimeombwa nizungumze juu ya maadili katika kazi za kitaaluma. Huenda wengi wenu mlitarajia kwamba wakili angekuja hapa kuwashtaki wanasiasa. Kazi hiyo mnaiweza bila msaada wangu. Leo nataka tuwaangalie watu ambao majina yao hayatajwi mikutanoni: karani, wakili, daktari, mhasibu, mpima ardhi, msajili wa hati, mwalimu anayesimamia kituo cha kupigia kura. Hoja yangu ni moja. Mtawala dhalimu ana kinywa cha kuamuru, lakini mikono ya kutekeleza ni yetu.

Tuanze na kesi ya zamani, iliyomo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi lililokuwa karibu na jumba lake. Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Sisi humkumbuka Ahabu na tamaa yake, na Yezebeli na hila zake. Lakini mimi nikiisoma kesi hiyo kama wakili, macho yangu huwaangukia wengine. Ahabu alikuwa amelala kitandani, amegeuza uso, amekataa chakula. Yezebeli aliandika barua na kuzipiga muhuri. Ni nani basi aliyemuua Nabothi? Ni wazee na wakuu wa mji wake, waliozipokea barua hizo wakatenda kama zilivyosema.

Angalieni jinsi walivyofanya kwa utaratibu. Waliitisha mfungo. Walimketisha mshtakiwa mbele ya watu. Walileta mashahidi wawili, kama torati ilivyotaka. Walimtoa nje ya mji kwanza, ndipo wakampiga mawe. Mkaguzi wa karatasi asingepata kosa hata moja. Kila kanuni ilifuatwa, na mtu asiye na hatia akafa. Wazee wale walikuwa majirani za Nabothi na walimjua tangu utotoni. Hata mmoja wao hakuuliza: je, maneno haya ni kweli?

Ndugu zangu, sisi tumeishi katika mji huo. Mwaka wa 1988, katika uteuzi wa chama kilichokuwa peke yake nchini, wananchi walipanga mlolongo nyuma ya wagombea wao, na mahali pengi mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, lakini nakumbuka wazee wakilicheka jambo hilo kwa uchungu. Aliyehesabu alikuwa na macho. Aliyeandika matokeo alikuwa amesoma. Mwezi wa Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa, na vyama vingi vikarudi. Ulikuwa ushindi mkubwa, uliolipiwa kwa damu na vifungo. Hata hivyo tulibadilisha sheria upesi kuliko tulivyobadilisha mkono. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 2004 juu ya ugawaji haramu wa ardhi ya umma, haikuwalaumu wanasiasa peke yao; ililaumu pia wataalamu waliozipa karatasi za wizi sura ya uhalali. Vyama vilikuwa vingi, lakini kalamu ilikuwa ile ile.

Nami nisije nikawa hakimu anayejisahau. Niruhusuni niwaeleze kesi yangu mwenyewe.

Nilikuwa wakili mchanga, sijamaliza mwaka wa pili katika kazi. Asubuhi moja mkubwa wangu aliniwekea mezani hati ya kuhamisha shamba. Mahali pa muuzaji palikuwa na alama ya kidole gumba cha mama mmoja mjane. Chini yake palikuwa na maneno yaliyokwisha kupigwa chapa, ya kwamba mama huyo amefika mbele yangu, nimemtambua kwa kitambulisho chake, na ameridhia kwa hiari yake. Nikauliza, "Mama mwenyewe yuko wapi?" Nikaambiwa ni mgonjwa, yuko nyumbani, mwanawe ndiye aliyeleta karatasi, na mnunuzi anangoja. Nikasita. Mkubwa wangu hakunifokea. Alisema kwa upole, "Wakili, ukikataa nitampelekea mwenzako wa chumba cha pili. Hati hii itatiwa sahihi leo, uwepo au usiwepo." Nikatia sahihi. Chai yangu ilikuwa bado ina moto.

Baada ya miezi minane mama mmoja aliingia ofisini, amekumbatia mfuko wa karatasi zake. Hakuwa mgonjwa. Aliomba aonyeshwe wakili ambaye, kulingana na hati, alifika mbele yake. Wakamleta kwangu. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza bila hasira: "Mwanangu, mimi na wewe tumewahi kuonana?"

Nimeulizwa maswali mengi na majaji tangu siku ile. Hakuna lililonishinda kama hilo.

Sitajifanya shujaa. Nilinyamaza wiki tatu, nikitafuta mlango wa kutokea. Mwishowe nikaapa hati ya kiapo, nikaieleza mahakama kwamba mama huyo hakufika mbele yangu na kwamba ushuhuda wangu ulikuwa wa uongo. Nilipoteza kazi, na nikaadhibiwa na wenzangu wa taaluma, nilistahili. Kesi ilichukua miaka sita. Mama alirudishiwa sehemu iliyo na nyumba yake na kaburi la mumewe. Sehemu ya chini, yenye chemchemi, ilikuwa imekwisha kuuzwa tena, na hakuipata. Toba yangu ilikuwa ya kweli, lakini haikumrudishia maji yake.

Katika jambo lile sikuhongwa hata senti moja. Sisi tunaopiga vita ufisadi hudhani kwamba dhamiri hununuliwa kwa fedha tu. Mara nyingi hainunuliwi, hulazwa usingizi. Hulazwa kwa mazoea, kwa heshima kwa wakubwa, na kwa visingizio ambavyo kila mmoja wetu amewahi kuvitumia. Nitavitaja vitatu.

Cha kwanza ni hiki: "Mimi nimetumwa tu." Mwezi wa Septemba 1977 Steve Biko alikuwa mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini, ameumizwa kichwani. Madaktari wa serikali waliitwa kumtazama. Mmoja akaandika cheti kwamba hakuona kasoro yoyote. Mwingine akakubali kwamba mgonjwa asafirishwe kwa gari hadi Pretoria, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Biko alikufa tarehe 12 mwezi huo. Madaktari hao hawakumpiga. Walisahau tu kwamba aliyelala mbele yao ndiye mgonjwa wao, si afisa aliyesimama mlangoni. Baraza la madaktari la nchi ile nalo lilikataa kuwachukulia hatua, mpaka madaktari wenzao wachache walipokwenda mahakamani, na mwaka wa 1985 wakapatikana na hatia ya kitaaluma. Mwajiri anaweza kununua saa zako na ujuzi wako. Hawezi kununua ukweli wa maneno unayoyashuhudia, kwa sababu huo haukuwa mali yako uuuze.

Cha pili ndicho kilichoniangusha mimi: "Nisipofanya, mwingine atafanya." Jibu la kisingizio hiki limo katika Kitabu cha Kutoka. Farao aliwaamuru wakunga wa Waebrania, Shifra na Pua, wawaue watoto wa kiume wakati wa kuzaliwa. Fikirini hila yake: alitaka mauaji yafanyike chumbani, kimya kimya, yaonekane kama ajali ya uzazi, na mikono iwe ya wale ambao akina mama waliwaamini. Wakunga wakakataa. Je, uovu ulikoma? La. Farao aliwaamuru watu wake wote wawatupe watoto mtoni. Lakini sasa alilazimika kutoka hadharani na kuutangaza ukatili wake kwa jina lake mwenyewe. Mtaalamu anayekataa pengine hatauzuia uovu. Huuvua joho la heshima. Na yule mwenzangu wa chumba cha pili, laiti ningekataa, labda naye angeuliza mama yuko wapi. Sikumpa nafasi hiyo.

Cha tatu ni kizito zaidi, nami sitakidharau: "Nina watoto." David Munyakei alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya. Aliona mabilioni ya shilingi yakilipwa kampuni ya Goldenberg kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi. Sheria iliruhusu asilimia 20. Kampuni hiyo ilipewa asilimia 35. Nchi yetu haina migodi ya almasi. Munyakei hakuwa gavana wala mkurugenzi. Alikuwa karani aliyejua kusoma alichopewa kusoma. Karatasi alizozitoa ziliwafikia wabunge wa upinzani, na taifa likajua. Mwaka wa 1993 alikamatwa akashtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali. Mashtaka yaliondolewa, lakini kazi hakurudishiwa. Alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Bosire, iliyoundwa mwaka wa 2003. Alifariki mwaka wa 2006, akiwa maskini.

Siwezi kuwadanganya kwamba uadilifu hulipa. Munyakei alilipa yeye. Lakini hapa nawageukia ninyi, kanisa, na ninyi wanaharakati wenzangu. Tulizipeperusha karatasi zake majukwaani. Ni wangapi kati yetu tuliouliza watoto wake wanakula nini? Tunahubiri ujasiri Jumapili, na Jumatatu tunamwacha jasiri asimame peke yake. Mtu anayesema "nina watoto" hatuulizi swali la falsafa. Anauliza kama atakuwa na jirani siku ile atakapotolewa kazini. Kila parokia ina wakili, ina mhasibu, ina mwenye duka, ina mwalimu mkuu. Tuweke mfuko mdogo wa karo kwa ajili ya watu kama hao. Tuwape wakili bila malipo. Mimi nimejiandikisha wa kwanza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na wewe uliye kazini leo, ufanye nini karatasi inapowekwa mezani? Mwanafalsafa Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda ya uadilifu, kama fundi anavyojifunza ufundi kwa kufanya kazi. Kwa hivyo usiingoje siku ya Goldenberg. Anza na risiti ya teksi, na tarehe iliyorudishwa nyuma, na jina la mtu asiyekuwapo kwenye orodha ya mahudhurio. Kabla ya kutia sahihi, jiulize mambo matatu. Je, maneno haya ni kweli, kwa ujuzi wangu mwenyewe? Je, ni nani atakayebeba mzigo wa karatasi hii, na je, naweza kumtazama usoni akiniuliza kama tumewahi kuonana? Je, ningetia sahihi hii mlango ukiwa wazi?

Ukiona shaka, omba amri hiyo kwa maandishi. Amri nyingi mbaya hufa pale pale. Andika tarehe na maneno uliyoambiwa. Mweleze mtu mmoja unayemwamini kabla ya kutenda, si baadaye. Na ujue kwamba sheria haikukutupa kabisa: sheria ya kupambana na ufisadi ya mwaka wa 2003 ina kifungu cha kuwalinda watoa habari, na Katiba ya 2010 imetenga sura nzima, ya sita, kwa ajili ya uongozi na uadilifu. Ulinzi wa karatasi haumtoshi mtu, lakini ni silaha kwa wanaosimama pamoja.

Msinielewe vibaya. Kumtetea mwizi mahakamani si wizi. Kila mshtakiwa ana haki ya kusikizwa, na daktari humtibu hata jambazi. Taaluma ina wajibu wa kuwahudumia watu tusiowapenda. Mpaka uko pale tunapoombwa kusema uongo kwa ajili yao. Hapo huduma imekwisha, na ushirika katika dhambi umeanza.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza. Eliya alipomwendea Ahabu shambani kwa Nabothi, alimkemea mfalme. Wazee wa mji hawakutajwa tena. Walirudi nyumbani, wakala, wakalala. Huenda hiyo ndiyo adhabu yao: hawana hata majina. Bali Shifra na Pua, wakunga wawili wasiokuwa na cheo, majina yao tunayasoma hadi leo, ilhali Farao yule ametajwa kwa cheo chake tu.

Kesho asubuhi wengi wenu mtaketi mbele ya karatasi. Mungu awape macho ya kuona jina la mtu aliyeko upande wa pili.