Chuo Kilichofunga Milango Ili Kifundishe



Nimeombwa niseme juu ya elimu na uchumi. Mimi nilisomea ualimu, na mwalimu akipewa nafasi ya kusema huwa hamalizi. Basi nitajitahidi niwe mfupi. Nataka niwapeleke mbali, mpaka mji wa Can Tho, kusini ya Vietnam.

Mji huo uko kando ya mto Hau, ambao ni mkono mmoja wa mto Mekong kabla haujaingia baharini. Nchi ile ni tambarare yenye mifereji mingi, na ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya mpunga wote wa Vietnam. Tangu zamani njia ya watu ilikuwa maji. Huko Cai Rang wachuuzi huuza ndani ya mashua, na kila mmoja husimamisha mti mrefu akatundika juu yake kile anachouza, nanasi au kabichi, ili mnunuzi aone kwa mbali. Na baada ya kazi watu hukusanyika kwa vinanda na nyimbo za kwao, don ca tai tu, ambazo UNESCO ilizitambua mwaka 2013 kuwa urithi wa wanadamu wote.

Lakini nchi yenye rutuba yaweza kulala na njaa. Vita ilikwisha mwaka 1975, na muda si mrefu akatokea mdudu mdogo wa rangi ya kahawia, akaufyonza mpunga hata ukakauka kama uliochomwa moto. Katika Chuo Kikuu cha Can Tho, kilichoanzishwa mwaka 1966, alikuwamo mwalimu wa kilimo, Bwana Vo Tong Xuan, aliyesoma Ufilipino. Alipata kutoka huko mbegu kidogo iitwayo IR36, ambayo mdudu yule hakuiweza. Haba na haba hujaza kibaba: aliipanda mche mmoja mmoja, badala ya kuchomeka fungu zima mahali pamoja, na mbegu ikaongezeka upesi.

Sikilizeni alilolifanya halafu. Aliomba chuo kifungwe miezi miwili! Wanafunzi wakafundishwa mambo matatu tu: kutengeneza kitalu, kutayarisha shamba, na kupanda mche mmoja mmoja. Kisha kila mmoja akapewa kilo moja ya mbegu, akatumwa vijijini. Msomi akaingia matopeni pamoja na mkulima, na mdudu akashindwa.

Asije mtu akasema kuwa mbegu peke yake ilitosha. Mkulima aliyetiwa katika shamba la ujima hakuwa na hamu ya kuhangaikia mavuno yasiyo yake. Mageuzi yalianza mwaka 1986. Mwaka 1988 kila jamaa ikapewa shamba la kulima yenyewe. Na mwaka 1989 nchi iliyokuwa ikinunua mchele ng'ambo ikaanza kuuuza kwa wingi. Elimu ilileta mbegu, haki ikaleta bidii. Moja bila ya jingine ni jembe lisilo na mpini.

Hata sasa kazi ya Can Tho haijakwisha. Malori yamechukua mizigo, na mashua za Cai Rang zinapungua. Katika kiangazi cha mwaka 2016 na cha 2020 maji ya chumvi yalipanda mtoni yakaharibu mashamba. Bwana Xuan alifariki mwaka 2024. Mdudu wa leo ni chumvi, na wanafunzi wake ndio wanaotazamiwa.

Ndugu zangu, mimi nilisomeshwa kwa magunia ya mpunga ya mama yangu. Kila likizo nilirudi nyumbani na vitabu, nikala, nikaondoka. Shamba lake sikulifundisha kitu. Sisi tuliosoma tuna deni. Tusingoje chuo kifungwe ndipo tukalilipe.