Jua ni la Wote, Betri ni ya Mwenyewe
(Hotuba iliyotolewa mkutanoni Kahama)



Mimi nilisoma kwa kibatari. Ni rahisi kukinunua, ghali kukitumia: kila jioni hela ya mafuta, na moshi vifuani mwa watoto.

Sasa tunaletewa umeme wa jua. Ni kitu chema, lakini mwenye duka asitudanganye. Paneli ndogo juu ya bati itawasha taa, redio na simu. Haitapika ugali wala kusaga mahindi. Kazi ya mashine inataka nguvu kubwa zaidi, na umeme wa nguzo nao hukatika.

Na mkaa je? Wazee wanakumbuka nchi hii ilivyobaki uchi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha HASHI, wananchi wakarudisha ngitili zao. Je, tuibomoe kwa shoka kazi tuliyoijenga kwa subira?

Basi nawaomba: taa iwe ya jua, chungu kikae juu ya jiko linalokula mkaa kidogo. Na kabla hujauza ng'ombe ununue paneli, uliza bei ya betri, maana betri hufa kwanza. Asiyeuliza atalipa mara mbili.