Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi ya Kikundi



Kwanza kabisa sina budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uzima tukaiona siku hii ya leo. Wenzetu wawili tulioanza nao wametangulia mbele ya haki. Tunawaombea Mungu awalaze pahali pema.

Ndugu zangu, Katibu ameshasoma risala na mahesabu, kwa hivyo mimi sitarudia habari za hisa na mikopo. Nimeombwa nizungumzie sabuni yetu ya mwani, na vipi tunashirikiana na watu wa nje ya kikundi: wanaotupikia mafuta, wanaotuuzia, na vikundi jirani. Nimekubali, lakini nimewaambia wenzangu kwamba nikisimama nitasema yote, na yale ya aibu yangu pia. Elimu yangu ni ya msingi tu, pale nitakapokosea mnisamehe.

Vijana waliomo humu huenda wanadhani mwani tumeukuta tangu enzi za mabibi. Sivyo. Kilimo cha kuuza kilianza hapa Unguja upande wa mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mimi wakati ule ndio kwanza naolewa. Tulifundishwa kufunga kipande cha mbegu kwa taitai, kutandaza kamba baina ya vijiti, kungoja kiasi cha wiki sita, kuvuna na kuanika. Kilo saba za mbichi, na mara nyingine zaidi, zikikauka inabaki kilo moja. Mgongo unaujua uzito wa zile saba, mzani unaijua ile moja tu.

Mwani mkavu husafirishwa nje, na huko hutolewa kitu kinaitwa karajinani, kinachotiwa katika dawa ya meno, aiskrimu na vitu vingine vingi ili vishikane. Hayo tumeyajua baadaye sana. Miaka mingi tulikuwa tunauza kitu tusichojua kinakwenda kufanya nini. Bei tunaambiwa siku ya kupima. Imeshuka kwa nini? Hakuna wa kutujibu. Tukikaa pwani kufunga mbegu mazungumzo yetu yalikuwa hayo hayo, kwamba wakubwa wanatuficha. Naomba mlishike hilo neno la kuficha, nitalirudia.

Baada ya mwaka 2000 kotonii, ambao ndio wenye bei nzuri, ukaanza kufa. Unageuka mweupe, unakatika, unakwenda na maji. Maji ya karibu na pwani yamekuwa ya moto kwake. Tukabaki na spinosamu wa bei ndogo. Ndipo watu wakaanza kufikiri mwani ufanyiwe kazi hapa hapa. Mwaka 2006 Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alianzisha mpango wa kuwakutanisha wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali, na katika juhudi za namna hiyo kina mama wakajifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Sisi hatukuwemo mwanzoni. Tulifundishwa na mama mmoja wa kijiji kingine, siku tatu, bure. Malipo yake yalikuwa sahani ya pilau na nauli ya daladala.

Sasa nakuja kwangu.

Yule mama alipotufundisha, aliyeandika vipimo ni mimi. Daftari nikaliweka kabatini kwangu. Wakati wa kupika sabuni mimi ndiye napima kostiki soda, wenzangu wanakoroga. Nilijiambia kwamba ni kwa usalama, kwa maana kostiki inaunguza, na ni kweli inaunguza. Lakini niseme haki mbele ya Mungu, niliogopa kikundi cha jirani wasije wakaiba. Na nilipenda kuwa mimi ndiye nisiyekosekana.

Mwaka wetu wa tatu duka moja la kuuzia wageni likatuagizia vipande 300. Hatujapata kuagiziwa hivyo. Tukakopa laki tano katika sanduku letu wenyewe kununua mafuta ya nazi. Siku ile ile binti yangu akashikwa na uchungu, nikaenda naye mjini. Daftari nimefungia, simu imekwisha chaji. Wenzangu walingoja siku mbili, na siku zilikuwa zinakimbia, wakaamua kupika kwa kukumbuka. Walichokumbuka ni gramu 175 kwa moja. Kwa kilo moja, ndivyo ilivyo katika daftari. Wao walipima kwa jagi la lita moja. Lita ya mafuta ya nazi haifiki kilo, ni kama gramu 920, kwa hivyo kostiki ikazidi mafuta.

Haikuishia hapo. Mama anayetupikia mafuta tulimharakisha, naye akaepua kabla maji hayajakauka vizuri. Yeye siku zote huuza mafuta ya nywele na ya kupikia, maji kidogo hayamdhuru mtu. Hakuna aliyemwambia kwamba ya sabuni lazima yakauke kabisa, kwa sababu hata mafuta ya sabuni kuwa ya sabuni hatukumwambia! Tulimficha asije akapandisha bei. Na mwenye duka alitupa wiki tatu, hajui kwamba sabuni ya namna hii huwekwa wiki nne ndipo itumike. Sisi tunajua, tukanyamaza tusije tukaikosa biashara.

Niliporudi na mjukuu nimembeba nikakuta sabuni imetoka unga mweupe juu, inamomonyoka, na ukiigusa kwa ncha ya ulimi inachoma. Mwenzetu mmoja viganja vimebabuka. Vipande vyote 300 tukavifukia. Mkutano wa wiki ile wengi wenu mnaukumbuka. Wanachama kumi na mmoja walitaka hisa zao siku ile ile, na mimi nilikuwa tayari kujiuzulu. Basi bibi yetu mmoja, ambaye huwa hasemi, akauliza: "Sanduku lina funguo tatu, kwa watu watatu. Daftari la Mwenyekiti lina funguo ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mtindo wetu huu wa kuweka na kukopa ulianzia mbali, Niger, mwaka 1991, nao waliuanza kina mama. Uzuri wake ni kwamba pesa huhesabiwa mbele ya macho ya wote, hata asiyejua kusoma anajua kilichomo. Shilingi tulizihesabu hadharani, na elimu ya sabuni nikaifungia kabatini. Yale niliyokuwa nawalaumu wanunuzi wa mwani nimeyafanya mimi kwa wenzangu.

Toka hapo vipimo vimebandikwa ukutani, kwa herufi kubwa na kwa picha, na tunapima kwa mzani tu. Jagi tumelifanya la maji ya kunywa. Wanachama sita wanaweza kupika peke yao bila mimi, na hapo hapo wanafundisha kwamba kostiki ndiyo inayotiwa katika maji, maji hayamiminwi juu ya kostiki. Kila bamvua likimalizika tunakaa pamoja: wakulima waseme wamevuna kiasi gani na wameanika juu ya chanja au mchangani, mpika mafuta aseme nazi zipo au zimeadimika, mwenye duka atume neno anataka vipande vingapi na lini. Kila chupa ya mafuta ina karatasi ya tarehe iliyopikwa. Ni yule mama wa mafuta ndiye aliyetufundisha kuyajua mafuta yenye maji: unachovya utambi mkavu na kuuwasha, ukilia chwachwachwa maji bado yamo. Alikuwa anajua siku zote, hatukumuuliza.

Mwaka 2020 korona ilipowakata wageni, mwenye duka alitwambia mapema tusipike. Mama wa mafuta akapata muda wa kuuza majumbani, na sisi hatukukopa pesa ya kufukia tena. Miaka mitatu kabla yake tungepika.

Lipo ambalo bado halijatulia, nami sitalifunika kwa sababu ya sherehe. Kikundi cha jirani tumewafundisha, nao sasa wanauza pale pale tunapouza, kwa bei ya chini kuliko yetu. Wapo wanachama wanaosema Mwenyekiti ametoa mkate mdomoni mwetu. Hawasemi uongo, mauzo yamepungua. Mimi naona afadhali tukae nao tupatane bei, na oda kubwa tuigawane, maana hata oda ya vipande elfu ikija leo peke yetu hatuiwezi. Nimeshawaita mara mbili, mara ya kwanza hawakuja, mara ya pili walikuja wawili. Nitawaita tena.

Kikao cha bamvua hii ni Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, kwenye banda la sabuni. Mama wa mafuta anaomba mwenye chupa zake tupu azirudishe. Pilau iko tayari, Mheshimiwa Sheha karibu mbele.