Wadhamini, Watu wa Kujitolea, na Mali ya Wengi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetuomba tuseme juu ya chama chetu cha msaada hapa mjini, maana kabla ya mwezi kwisha sharti tuchague wadhamini, na maneno yamekuwa mengi barabarani kuliko mkutanoni. Mengine tumeyasikia kwa kinyozi. Sisi ni watu wa reli, elimu yetu ni ile ya shule ya misheni, na tutasema kama tuonavyo. Mwenye neno bora atasimama baadaye.

Nyote mwajua haja iliyoleta chama hiki. Miji hii midogo ya njiani ilizaliwa na reli. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, chuma kikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na kila mahali injini ilipohitaji maji pakawa stesheni, na penye stesheni pakawa duka, na nyuma ya duka pakawa nyumba za watu. Mwaka 2017 reli mpya ilipofunguliwa, gari la abiria la reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi likakoma. Akina mama waliokuwa wakiuza mayai ya kuchemsha na ndizi dirishani mwa gari wakabaki na sufuria zao. Mzee aliyestaafu, mjane wa fundi, kijana wa kubeba mizigo, wote hao walikuwa wakila kwa gari lile ingawa hawakuandikwa kazi ya reli. Chama kikaanza hapo: unga kwa huyu, nauli ya hospitali kwa yule, sanda na jeneza kwa mwingine.

Kazi yafanywa na watu wa kujitolea, nao hatuna haja ya kuwasifu hapa kwa maneno marefu, maana wenyewe wako hapa na watatucheka. Moyo wa kusaidia upo. Lililotuleta leo ni mali. Tumepewa kiwanja, tumejenga banda la mabati lenye jiko na stoo, na kuna akiba kidogo ya fedha. Sasa wengine wasema kiwanja kiandikwe kwa jina la bwana mmoja mfadhili, kwa kuwa anajulikana ofisini na karatasi zitapita upesi. Tena wengine wasema kila mwezi majina ya waliosaidiwa yasomwe mkutanoni, ili wenye kutoa wajue fedha yao yakwenda wapi. Mashauri yote mawili yametolewa kwa nia njema. Sisi twayakataa yote mawili, na tutaeleza sababu.

Kwanza tusikie habari za wafanya kazi wenzetu wa reli wa zamani, maana shida yao ilikuwa hii hii yetu. Huko Uingereza kuna mji uitwao Swindon. Ulikuwa mji mdogo wa soko juu ya kilima, mpaka kampuni ya reli ya Great Western ilipojenga karakana yake chini ya kilima na kuifungua mwaka 1843. Mafundi wakaja kwa mamia na jamaa zao. Wakajengewa vijumba vya mawe karibu karibu, na magonjwa yakaja nao. Mwaka 1847 biashara ilikuwa mbaya, watu wakaachishwa kazi, na aliyeachishwa hakuwa na njia ya kumlipa daktari. Ndipo wakaanzisha chama cha matibabu. Kila mfanya kazi alikatwa senti chache katika mshahara wake, na kwa fedha hiyo daktari aliwekwa kuwatibu yeye na mkewe na watoto.

Aliyesaidia sana jambo hili ni Daniel Gooch, mkubwa wa injini wa kampuni ile. Alikuwa mtu mwenye nguvu, na angaliweza kukifanya chama kuwa chake. Lakini fedha ilikuwa ya wanachama, na halmashauri ikachaguliwa na wanachama wenyewe, watu wa nyundo na tupa, waliokaa vikao vyao usiku baada ya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 chama kikawa na hospitali ndogo ya watu walioumia kazini. Nyumba yenyewe ilikuwa ghala ya silaha ikageuzwa. Baadaye wakatengeneza hata miguu ya bandia kwa wenzao waliokatwa na magurudumu.

Sasa sikilizeni tarehe hizi. Gooch alikufa mwaka 1889. Nyumba kubwa kuliko zote za chama, yenye vyumba vya madaktari, dawa, na mabwawa ya kuogelea, ilifunguliwa mwaka 1892, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Na chama kiliendelea mpaka mwaka 1948, serikali ya Uingereza ilipoanzisha matibabu kwa watu wote. Yaani miaka mia na mmoja. Nyumba ile ya 1892 ingali imesimama. Kama mali ingaliandikwa kwa jina la Gooch, mwaka 1889 wangalikuwa mahakamani na warithi wake, si kwenye kuchimba mabwawa.

Hatusemi kila kitu chao kilikuwa kizuri. Kukatwa kwao kulikuwa kwa lazima, na mkono wa kampuni haukuwa mbali na meza yao. Mtu wa chama cha wafanya kazi hawezi kulipenda jambo hilo, na kwetu kila mtu hutoa kwa hiari yake. Tunachokichukua kwao ni hiki tu, kwamba aliyetoa senti alikuwa na sauti ya kuchagua, na mkubwa alipoondoka mali haikuondoka naye.

Basi turudi kwenye kiwanja chetu. Mdhamini ni nani? Wengi hufikiri ni mtu mkubwa, mwenye gari, anayeweza kusimama na kutoa noti katika harambee. Huyo ni mfadhili, na twamshukuru. Mdhamini ni mtu aliyeshikishwa amana. Kitu si chake, hawezi kukiuza wala kukiweka rehani kwa deni lake, wala mtoto wake hawezi kukirithi. Sheria ya Kenya inajua jambo hili. Iko sheria ya wadhamini, Sura ya 164, ambayo kwayo wadhamini wa chama huweza kuandikishwa wawe mwili mmoja wenye muhuri wake. Mmoja akifa au akihama, mwili ule haufi, na kiwanja hakitoki. Tena mwaka 2022 ilipitishwa sheria ya kuandikisha vikundi vya jamii, navyo vyatakiwa kuwa na katiba na viongozi waliochaguliwa. Njia hizi zina karatasi nyingi na kungoja kwingi. Yule bwana angeandika kwa wiki mbili, sisi labda kwa miezi mingi. Sawa, tungoje. Sisi watu wa reli tumezoea kungoja ishara ishuke.

Na bwana mwenyewe, tukimheshimu kweli, tusimwekee mzigo huu. Yeye ni mtu mwema. Lakini ana wake wawili na watoto wakubwa, na wema wa mtu hauandikwi katika hati ya kiwanja. Siku akiondoka duniani, sisi tutasimama mlangoni mwa matanga yake tukidai banda la mabati. Nani hapa ataweza kusema maneno hayo mbele ya wafiwa?

Wadhamini wetu wawe watano. Wawili wawe wanawake, na tusiseme hapana, kwa sababu jiko ni lao na wao ndio wanaojua unga umebaki debe ngapi. Mwenye duka linalotuuzia chakula asiwe mdhamini muda wote anaotuuzia. Hatumwiti mwizi. Lakini mtu mmoja hawezi kukaa pande zote mbili za mizani.

Juu ya fedha tutasema kwa ufupi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi watu hutuma fedha kwa simu, nayo ni njia nzuri, lakini fedha ya chama ikiingia katika namba ya mtu mmoja, huchanganyika na karo ya watoto wake hata kama hana nia mbaya. Iwe katika benki, na itoke kwa sahihi za watu watatu. Kila mwezi mweka hazina asome mkutanoni kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki, na risiti ziwe mezani mtu yeyote azishike kwa mkono wake. Hata mtoto wa shule akitaka kusoma, asome.

Sasa majina. Hapa twaomba masikio yenu, kwa sababu tunajua wengi wenu hamtaafikiana nasi.

Katika harambee zetu tumezoea kusoma majina. Fulani ametoa elfu tano, makofi. Fulani ametoa mia mbili, kimya kidogo. Haya, kwa mtoaji tuyaache. Lakini kwa mpokeaji ni jambo jingine. Mama aliyelima kibarua maisha yake yote, asiyewahi kuomba chumvi kwa jirani, akisikia jina lake limesomwa mbele ya wachunga mbuzi na wanafunzi, mwezi wa pili hatakuja. Atalala na njaa ndani ya nyumba yake, na sisi tutaandika katika hesabu kwamba haja imepungua! Tumekwisha kuona watu wakija stoo baada ya jua kutua, wakipita nyuma kwenye mchongoma, ili wasionekane na walio kibandani cha chai. Hao ndio watu wetu hasa. Yule asiyeona haya huja mchana, naye huja mara mbili.

Wengi wenu mmepita Makindu kwa gari au kwa reli. Pale pana hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 na watu waliokuwa wakifanya kazi katika reli hii hii. Msafiri yeyote huingia akavua viatu, akafunika kichwa, akapewa chakula. Haulizwi dini yake wala kabila lake, wala hatiwi sahihi popote kuwa amekula bure. Dereva wa lori hukaa chini pamoja na tajiri, na wote wanakula chapati moja na dengu moja. Akitaka kutoa kitu kabla ya kwenda zake, hutoa. Jiko lile limekaa miaka mingi, na hatujasikia kwamba limefilisika kwa kukosa kusoma majina.

Mtasema, basi tutajuaje kwamba unga haukwenda kwa shemeji wa mweka stoo? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko katika namna ya kuwatuma watu wa kujitolea. Katika mji wa Elberfeld, huko Ujerumani, mwaka 1853 waliweka kanuni kwamba mtu wa kujitolea asiangalie zaidi ya nyumba nne. Aliziendea nyumba zile mwenyewe, akaona sufuria na kitanda kwa macho yake. Msaada ulikubaliwa kwa wiki mbili tu, kisha habari ikaangaliwa tena. Ulikuwa mji mkubwa kuliko wetu, na wao walikuwa wakali kwa maskini kupita tunavyopenda. Lakini kanuni ya nyumba nne ni nzuri. Mtu mwenye nyumba nne anajua ni nani amepona, ni nani mwanawe amepata kazi. Mtu mwenye nyumba arobaini anajua orodha tu.

Kwetu iwe hivi: kila mtu wa kujitolea ana nyumba nne, na wasiwe jamaa zake. Majina yaandikwe katika kitabu kimoja kinachofungiwa, na kitabu hicho kionwe na wadhamini na wakaguzi wawili wa hesabu wasio katika halmashauri. Mkutanoni isomwe hesabu: nyumba kumi na saba zimepata unga, wagonjwa watatu wamepata nauli. Wakaguzi waseme wameona kitabu na wamekwenda katika nyumba chache kuhakikisha. Mwenye shaka amfuate mkaguzi, asimfuate mjane.

Jambo moja dogo, lakini lina uchungu. Watu wa kujitolea warudishiwe nauli na fedha ya simu. Tunasikia watu wakisema, "Kama amejitolea, adai nini tena?" Akina mama wawili wamekwisha kuacha kazi hii kwa sababu ya shilingi za matatu, na wote wawili walikuwa hodari. Kujitolea ni kutoa siku yako. Hakuna aliyesema ni kutoa na unga wa watoto wako. Mwenye uwezo akikataa kurudishiwa, asante, lakini asimfanye mwenzake aone aibu kupokea.

Ndugu, mkutano wa kuchagua ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane, kwenye banda. Karatasi za kupendekeza majina ziko kwa mwandishi wa tawi, na kila jina litiwe sahihi na wanachama wawili. Walio katika zamu siku hiyo waandike kura yao mapema, waitie katika bahasha na kuifunga, wamkabidhi mwandishi. Yule bwana mfadhili tumekwisha kumwendea nyumbani, tukamweleza haya yote kabla ya kuyasema hapa. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama wakaguzi wa hesabu wamekwisha kupatikana, maana anajua kusoma vitabu vya hesabu. Jina lake nalo liko kwa mwandishi.