MATANGAZO YASIYONGOJA JUMAPILI

(Neno la mama shemasi wa kanisa jirani la Kibaptisti, aliyealikwa kuzungumza katika maadhimisho ya ushirika wetu hapa Kigali. Tumeliandika karibu kama alivyolisema.)

  

Wachungaji wetu, mama wachungaji, wazee wa kanisa, wanakwaya, na nyinyi wageni mliovuka mipaka kutoka Goma, Bukavu, Kampala, Mwanza na kwingineko, nawaletea salamu za kanisa letu la Kibaptisti, majirani zenu wa ng'ambo ya barabara. Wametuma niseme kwamba wanawapenda, na kwamba jana jioni waliisikia kwaya yenu ikifanya mazoezi, wote, hata ambao hawakutaka kusikia. (Kicheko.)

Nimeambiwa niseme Kiswahili ili wote tuelewane. Nitajitahidi. Zamani hapa Kigali, ukisikia mtu anasema Kiswahili ulijua ametoka Nyamirambo au Biryogo, au amekulia Kongo. Mimi nilikulia Kongo. Kwa hiyo mkisikia Kinyarwanda kinaingia katikati, mnisamehe.

Mimi si mhubiri. Kazi yangu kanisani ni kusoma matangazo. Nimeifanya miaka mingi, na ninalo daftari. Mnajua wakati wa matangazo ulivyo: ndipo watu wanatoka nje kunyonyesha watoto, vijana wanaangalia simu, na mchungaji anatazama saa. Lakini mimi nawaambia, mkitaka kujua kanisa linaishi namna gani, msisikilize mahubiri tu, fungueni daftari la matangazo. Humo mna nani amejifungua, nani yuko hospitali ya CHUK na anahitaji mtu wa kumpelekea uji, binti wa nani anatolewa mahari Jumamosi, kwaya ipi inasafiri, nani kafiwa. Mna zamu ya kufagia. Mna ikimina cha akina mama, kile kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana. Mna umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kila mtu ashuke na jembe lake. Na kila mwaka kabla ya Julai, mna lile tangazo la mituweli: nani bado hajalipa bima ya afya, na nani anahitaji kusaidiwa.

Sasa niwaeleze jambo lililotupata, na sitalisema kwa kujisifu.

Mnakumbuka mwaka 2018. Mwishoni mwa Februari makanisa zaidi ya 700 yalifungwa hapa Kigali peke yake. Majengo hayakutimiza masharti ya usalama na usafi, na mengine yalikuwa na kelele. Na sisi tulikuwamo. Nyinyi Wapentekoste watu walisema shida yenu ni spika. Yetu sisi Wabaptisti ilikuwa choo. (Kicheko.) Ndiyo, tulikuwa na choo kimoja kwa watu karibu 300. Uwanja ulikuwa matope, na juu ya bati hakukuwa na kinga ya radi. Siku ile tuliumia, wengine walilia. Lakini tarehe 10 Machi, siku chache tu baadaye, radi ilipiga kanisa la Wasabato kule Nyaruguru wakiwa katika ibada, na watu 16 wakafa. Baada ya hapo hakuna aliyebisha tena kwetu juu ya kinga ya radi.

Basi mlango umefungwa. Jumapili ya kwanza kila mtu akaenda alikojua. Wengine walikuja kwenu, wengine walipanda basi kwenda kwa ndugu zao, wengine walibaki nyumbani. Mimi nilibaki na daftari langu juu ya meza. Sikuandika kitu, maana sikuwa na mahali pa kusomea. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo.

Katika wiki ile ya tatu, jioni, binti mmoja wa kwaya yenu akaja kugonga kwangu. Akasema, "Mama, yule mukecuru wenu anayeketi karibu na dirisha, mnajua alipo?" Nikamwambia, "Nadhani anasali kwenu siku hizi." Akasema, "Hapana, mama. Twende."

Tulimkuta bibi yetu kitandani. Aliteleza uani wakati wa mvua, akaumia nyonga, hawezi kusimama. Siku kumi na moja! Majirani walikuwa wanampa maji na chakula kidogo, Mungu awabariki, lakini hakuna aliyempeleka kwa daktari. Nikamwuliza jirani, kwa ukali kidogo, kwa nini hamkusema? Akanijibu kwa upole: "Mama, huyu ni mtu wa kanisa. Tulidhani kanisa lake linamhudumia."

Wapendwa, neno lile lilinichoma. Majirani walidhani tuko kazini. Sisi tulidhani yuko kwenu. Nyinyi mlidhani yuko kwetu. Kila mmoja alidhani vizuri, na bibi akabaki kitandani.

Na huyu si bibi mwenye watoto. Watu wake wote waliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hapa Rwanda mnaelewa bila mimi kueleza. Kwake neno "ndugu" halikuwa la salamu tu. Hakuwa na ndugu wengine zaidi ya wale aliokaa nao benchi moja.

Usiku ule nilifungua daftari. Nikatazama kurasa za nyuma. Jina lake lilikuwamo mara nyingi: amechangia mahindi, amekuja zamu ya kufagia, amelipa ikimina. Halafu kurasa tatu tupu. Nikajiuliza, kumbe ile habari yetu yote, ule upendo wetu wote, ulikuwa unangoja watu waje mlangoni? Asiyeweza kufika mlangoni, hana habari!

Nikakumbuka Matendo ya Mitume sura ya sita. Kanisa lile la Yerusalemu lilikuwa na Roho Mtakatifu, hakuna anayebisha. Lilikuwa na mitume wenyewe. Lakini wajane fulani walisahaulika katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakaanza. Mitume hawakusema tuombe zaidi halafu basi. Waliwaambia ndugu wachague watu saba, wakawapa kazi ile. Ushemasi wetu ulianzia kwenye mjane aliyerukwa. Na mimi niliyevaa kitambaa cha ushemasi nilikuwa nimemruka mjane.

Basi tulifanya nini? Kwanza bibi alipelekwa hospitali. Mituweli yake ilikuwa imelipwa, tukashukuru kwa tangazo la mwaka ule. Gari lilikuwa la mzee wenu mmoja, na hakutaka tulipe mafuta.

Pili, tulipanga upya. Tuligawa majina yote ya kanisa kufuatana na mudugudu mtu anakoishi, nyumba nane mpaka kumi kwa kila kundi. Kila kundi lina mtu mmoja mwenye kazi moja tu: kila wiki aone kwa macho au asikie kwa simu kila mtu wake. Hahubiri, hakusanyi sadaka. Anauliza tu: mmeamkaje, mmekula, nani anaumwa? Ijumaa jioni ananipa habari, nami naandika. Na jambo linalohitaji mtu kwenda, haliwekwi mpaka Jumapili. Mtu anakwenda Ijumaa ile ile. Tangazo linasomwa baadaye, likiwa na majibu.

Tatu, nyinyi mlitupa jengo lenu. Kila Jumapili saa nane mchana, baada ya ibada zenu, tuliingia. Miezi mingi. Hamkutudai hata bili ya umeme. Sisi tulileta sabuni na mifagio. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba Wapentekoste nao wana daftari la matangazo, na ni refu kuliko letu!

Tulijenga vyoo, tukaweka mawe uwanjani, tukafunga kinga ya radi, tukafunguliwa. Wengi walidhani ndiyo mwisho wa habari. Lakini tarehe 14 Machi 2020, siku kilipotangazwa kisa cha kwanza cha Korona hapa nchini, ibada zilisimama kila mahali. Hapo hakukuwa na jirani wa kutukaribisha, milango yote ilifungwa. Na ninasema kwa hofu ya Mungu, maana kazi haikuwa yetu peke yetu: katika miezi ile, katika kanisa letu, hakuna mtu aliyekaa wiki nzima bila kuulizwa habari. Unga ulitumwa, pesa zilitumwa kwa simu, faranga 500, faranga 1,000. Mwenye kundi ambaye hakuwa na salio, mwenzake alimtumia salio. Daftari lilijaa kuliko miaka ya ibada.

Kwa nini nawaambia haya siku yenu ya furaha? Kwa sababu mwaka 2024 ukaguzi ulirudi, na nyumba za ibada zaidi ya 5,000 zikafungwa nchi nzima. Najua wapo hapa ambao milango yao ilifungwa. Sikuja kuwaambia serikali imekosea au haikukosea. Penye masharti, tuyatimize. Watu wa Mungu nao wanastahili choo kizuri. Nimekuja kuuliza jambo moja: mlango unapofungwa, unajua watu wako wako wapi?

Na nyinyi wa ng'ambo, mpaka ni mlango pia. Tumeona Gatuna ikifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tarehe 31 Januari 2022, karibu miaka mitatu. Wapo leo wasiofika hapa kwa sababu barabara yao haipitiki. Lakini kumbukeni tulivyoanza. Wabaptisti wa Denmark walianzia Burundi ndipo kazi ikavuka hadi Nyantanga, mwaka 1939. Wapentekoste wa Uswidi nao walitokea Burundi wakafika Gihundwe mwaka 1940. Sisi wote tuliletewa habari na mtu aliyevuka. Basi ushirika huu usiwe wa kukutana siku ya sherehe, kupiga picha na kula, halafu kimya mpaka sherehe nyingine.

Ombi langu ni dogo. Kabla hujaondoka leo, chukua namba ya mtu mmoja wa nchi nyingine. Mmoja tu. Umpigie mara moja kwa mwezi, umuulize zile habari tatu: mmeamkaje, mmekula, nani anaumwa. Akikuambia jambo, usilitunze kwa ajili ya mkutano wa maombi wa mwezi ujao. Mpe mtu aliye karibu naye alifanyie kazi leo.

Bibi yetu alitembea tena, kwa fimbo. Alirudi kwenye benchi lake la dirishani. Mungu alimwita miaka michache baadaye, usingizini, na mwenye kundi lake alijua kabla jua halijapanda. Kwaya mbili ziliimba pale kaburini, yenu na yetu, na kwa mara ya kwanza sikulalamika juu ya sauti. Binti yule aliyegonga mlango wangu alishika msalaba mbele, mahali pa mtoto.

Nami Jumapili ile nilisoma tangazo lake. Sikuwa na jambo la kuomba. Nilisoma jina lake tu, na watu wakasimama wenyewe.